Gunia Lijue Shamba Lake: Mwongozo wa Kuandaa AMCOS na Wasafirishaji wa Kahawa kwa Sheria ya Misitu ya Ulaya

Kwanza huja barua pepe. Mnunuzi wa Hamburg anamwandikia msafirishaji wa Moshi, msafirishaji anampigia meneja wa chama kikuu, meneja anampigia katibu wa AMCOS, chama cha msingi cha ushirika wa wakulima: tunahitaji kodineti, yaani namba za mahali kwenye ramani, za mashamba yote yaliyotoa loti ile, kabla ya Ijumaa. Katibu ana daftari la wanachama, kalamu ya wino na simu yenye kioo kilichopasuka. Wanachama ni mia sita na ushee. Leo ni Jumanne.

Mwongozo huu ni wa katibu huyo, na wa msafirishaji aliyempigia. Nimetumia kahawa ya Tanzania kwa sababu ndiyo niijuayo. Mwenye kakao ya Kyela au mbao za mitiki atabadilisha maneno machache, kazi ni ileile.

Kabla ya yote: sheria inataka nini hasa

Ni Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2023/1115, maarufu kama EUDR. Inagusa bidhaa saba: ng'ombe, kakao, kahawa, michikichi, mpira, soya na mbao, pamoja na baadhi ya vitu vinavyotokana nazo. Chai haimo. Korosho haimo. Parachichi halimo, ingawa nimekutana na mkulima wa parachichi aliyekwishalipia "kupimiwa EUDR" na kijana mwenye kompyuta mpakato na maneno matamu. Kwa hiyo kabla hujatoa hata shilingi, hakikisha unachouza kimo.

Kilichomo kinatakiwa kutimiza mambo matatu. Kisiwe kimelimwa kwenye ardhi iliyokuwa msitu na ikafyekwa baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Kiwe kimezalishwa kwa kufuata sheria za nchi kilikotoka. Na kiwe na tamko la uhakiki ambalo mwingizaji wa Ulaya analiwasilisha kwenye mfumo wa kielektroniki wa Umoja huo, likiwa na mahali halisi pa kila shamba.

Msitu, kwa maana ya sheria hii, ni eneo linalozidi nusu hekta, lenye miti inayopita mita 5 kwenda juu na kivuli kinachofunika zaidi ya asilimia 10 ya ardhi, mradi eneo hilo si la kilimo wala makazi. Shika hilo neno la mwisho, la kilimo. Kihamba cha Mchagga chenye migomba, kahawa chini yake na migrivea juu yake ni shamba, hata kama ukitazama kutoka angani unaona kijani tupu. Mwenye kihamba akikata mgrivea mmoja apate mbao za kuezekea, hajafyeka msitu. Nimesikia mikutano ya vijiji ambako wakulima waliambiwa wasiguse mti wowote la sivyo Wazungu watakataa kahawa. Huo ni uzushi, na umewafanya watu waiogope sheria kabla hawajaielewa.

Tarehe za kuanza zimeahirishwa mara mbili. Mwanzo ilikuwa mwisho wa 2024, ikasogezwa hadi mwisho wa 2025, na mabadiliko yaliyopitishwa Desemba 2025 yakaisogeza tena: kampuni kubwa na za kati za Ulaya zinaanza tarehe 30 Desemba 2026, ndogo kabisa na ndogo zinaanza tarehe 30 Juni 2027. Wengi waliposikia habari hiyo walifunga mafaili. Sasa piga hesabu ya msimu. Kahawa ya mlimani huchumwa katikati ya mwaka hadi karibu na Krismasi. Ikobolewe, ipite mnadani, ipakiwe kwenye kontena, isafiri baharini wiki kadhaa. Kinachoangaliwa ni siku mzigo unapoingia soko la Ulaya, si siku ulipochumwa. Kahawa ya msimu wa 2026 itakayotua bandarini Januari 2027 mikononi mwa kampuni kubwa iko ndani ya sheria. Ahirisho hilo ni la mnunuzi. Mkulima anachuma mwaka huu.

Hatua ya 1: Muulize mnunuzi, na akujibu kwa maandishi

Kisheria mzigo uko begani mwa kampuni ya Ulaya inayoingiza kahawa kwa mara ya kwanza. Wewe uliye Moshi, Bukoba au Mbinga hutapigwa faini na Brussels. Yeye anaweza, na nchi wanachama zinatakiwa kuweka faini ambayo kiwango chake cha juu kabisa hakipungui asilimia 4 ya mauzo yake ya mwaka ndani ya Umoja. Ndiyo maana ana haraka kuliko wewe.

Mabadiliko ya Desemba 2025 yamemwongezea joto. Zamani kila kampuni kubwa kwenye mnyororo, hadi mkaangaji na mwenye maduka, ilitarajiwa kuwasilisha tamko lake. Sasa anayewasilisha ni yule wa kwanza tu, na walio nyuma yake wanamtegemea yeye. Mtu akijua yuko peke yake getini, hukagua zaidi. Usitarajie ulegevu.

Muulize maswali haya: Wewe ni kampuni ya ukubwa gani, na tarehe yako ya kuanza ni ipi? Unataka faili la namna gani? Unahitaji nyaraka zipi za uhalali? Ni nani anayelipia upimaji? Na shamba moja likileta shaka, unakataa loti nzima au tunaruhusiwa kulitoa? Swali la mwisho wengi hulisahau, kisha linawagharimu kuliko yote.

Kuna uvumi mwingine wa kuuzima hapa: kwamba mabadiliko yamewaondoa wakulima wadogo. Nafuu iliyowekwa, ya kutoa tamko moja jepesi mara moja tu, ni ya wazalishaji wadogo wanaoingiza wenyewe bidhaa kwenye soko la Ulaya kutoka nchi zilizowekwa kundi la hatari ndogo ya ufyekaji misitu. Tanzania, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ziliwekwa kundi la kawaida mwezi Mei 2025. Kenya na Rwanda ziko kundi la hatari ndogo, lakini hata wao hawajaponea kodineti: mnunuzi wao anaruka tathmini ya hatari, ila taarifa za shamba bado anazidai. Tofauti nyingine ni ukaguzi. Mamlaka za Ulaya zinapaswa kukagua kila mwaka angalau asilimia 1 ya waingizaji wanaonunua kutoka kundi la hatari ndogo, na asilimia 3 kwa kundi la kawaida.

Hatua ya 2: Safisha daftari

Usikimbilie GPS. Kwanza kaa na daftari la wanachama, na mzee mmoja wa kila kitongoji, na chai ya kutosha.

Utakuta marehemu wanaouza kahawa kila msimu, kwa sababu watoto wanaleta kwa namba ya baba. Utakuta mwanamke anayelima shamba tangu 1998 lakini jina lililoandikwa ni la mume aliyehamia Arusha. Utakuta Mushi watano wenye majina mawili yanayofanana, na namba ya uanachama iliyotolewa mara mbili. Kila kosa la daftari ukilipeleka shambani litarudi likiwa na kodineti, na litaonekana kweli kuliko lilivyokuwa kwenye karatasi.

Mpe kila mkulima namba moja, na kila shamba la kahawa namba yake chini ya ile ya mkulima. Mkulima mwenye vihamba vitatu ana namba moja na mashamba matatu. Andika jina kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, kitongoji, idadi ya mibuni, na kilo alizoleta misimu iliyopita. Mashamba ya mahindi ya kule tambarare hayahusiki, usiyapime.

Madaftari ya zamani usiyatupe! Nimeona boksi zima la stakabadhi za mauzo likitumika kuwashia jiko la ofisi. Stakabadhi ya 2016 yenye jina la mkulima na kilo alizoleta ni ushahidi kwamba shamba lake lilikuwa kahawa miaka minne kabla ya ile Desemba 2020. Siku setilaiti itakapomshuku, karatasi ile yenye alama ya kombe la chai ndiyo itakayomtetea.

Hatua ya 3: Nenda shambani na simu

Shamba lisilozidi hekta 4 linatosha kuwekewa nukta moja. Hekta 4 ni ekari kumi kasoro kidogo, kwa hiyo karibu wakulima wadogo wote wa kahawa wanaingia hapo. Linalozidi hekta 4 linahitaji poligoni, yaani mpaka mzima uliozungushwa.

Ushauri wangu ni huu: hata shamba dogo, ukiweza lizungushie mpaka. Sheria haikulazimishi, lakini nukta moja haina eneo. Nukta ikitua pembeni mwa shamba jirani na msitu, kompyuta ya Ulaya haijui shamba linaelekea upande gani. Poligoni inajieleza. Pale ambapo fedha hazitoshi, anza na vijiji vinavyopakana na hifadhi uvipe poligoni, vilivyo mbali na msitu uviwekee nukta.

Simu ya kawaida ya Android inatosha. Kuna programu za bure za kukusanya data zinazofanya kazi bila mtandao, KoboToolbox ikiwa mojawapo. Unajaza shambani, unatuma ukifika penye intaneti. Mambo ya kuwafundisha vijana wa kupima ni machache, ila ni lazima yashikwe.

Kwanza, subira. Chini ya migomba GPS hupepesuka. Simama, shika simu juu, subiri kipimo cha usahihi kishuke hadi mita 5 au pungufu ndipo ubonyeze. Pili, nukta huwekwa katikati ya kahawa, si mlangoni mwa nyumba wala barabarani ulipoegesha pikipiki. Tatu, tarakimu sita baada ya nukta ya desimali. Tarakimu sita ni usahihi wa sentimita kumi na kitu, ambao simu yenyewe haina, lakini sheria inazitaka. Ukiandika tarakimu tatu tu, shamba linaweza kuwa popote ndani ya mita mia moja, na mita mia moja huko mlimani zinatosha kukuingiza msituni. Wala usizijazie kwa sifuri. Mkaguzi akiona 37.310000 mara arobaini anajua.

Nne, na hapa ndipo mafaili mengi hufia: alama ya kutoa na mpangilio. Tanzania yote iko kusini mwa ikweta, kwa hiyo latitudo ni hasi. Shamba la Kibosho lenye latitudo -3.3 na longitudo 37.3 likipoteza ile alama ya kutoa, linahamia Kenya kaskazini, jangwani karibu na North Horr, kunakofugwa ngamia. Na ukigeuza mpangilio, longitudo ikakaa pa latitudo, shamba linatua kusini mwa Hispania, mkoa wa Granada. Nimewahi kuuona uchagani mzima ukiwa Hispania kwenye kioo cha kompyuta. Tulicheka, kisha tukakumbuka kwamba faili lilikuwa limekwishatumwa. Faili la GeoJSON, aina ya faili la ramani, huanza na longitudo, ilhali watu tumezoea kutaja latitudo kwanza, na programu nyingi za simu pia huitanguliza. Kwa hiyo kila mara, kabla ya kutuma, fungua faili kwenye ramani uangalie kwa macho kama nukta zimetua kijijini kwako.

Kuna udanganyifu wa kuutazamia. Kijana anayelipwa kwa idadi ya mashamba anaweza kukaa chini ya mwembe mmoja akapima mashamba ishirini. Utamjua kwa saa: vipimo vimepishana dakika mbilimbili. Utamjua kwa umbo: nukta zimekusanyika kama kuku wanaonyeshewa. Mlipe kwa siku, na mtume na mjumbe wa kitongoji anayeijua mipaka. Pia kila jioni chagua mashamba matatu kati ya yale ya siku hiyo, uende ukayaangalie mwenyewe.

Mkulima naye ana haki ya kujua. Mtu anayekuja kupima shamba huamsha kumbukumbu za ardhi iliyochukuliwa na kodi zilizoongezwa. Mweleze kwa lugha ya kwao kwa nini unapima, nani atayaona majibu, kisha asaini au aweke dole gumba. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu wewe unayekusanya majina, namba za simu na mahali watu wanapoishi. Kenya wana yao ya 2019.

Hatua ya 4: Linganisha na ramani za misitu kabla mnunuzi hajalinganisha

Mnunuzi ataweka nukta zako juu ya ramani ya setilaiti. Mtangulie. Global Forest Watch iko wazi kwa yeyote, inaonyesha mahali miti ilipopotea mwaka kwa mwaka. Kituo cha utafiti cha Umoja wa Ulaya, JRC, kimetoa ramani ya misitu ya dunia ya mwaka 2020. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ina zana ya bure iitwayo Whisp inayopokea faili lako la mashamba na kulilinganisha na ramani nyingi kwa pamoja, kisha inakupa jibu kwa kila shamba.

Sasa jiandae kushtuka, kwa sababu vihamba vyenye kivuli vitaonyeshwa kama msitu. Ramani ya JRC haina nguvu ya kisheria, ni kielelezo tu, na wenyewe wanasema hivyo. Lakini karani wa Antwerp aliyepewa mashamba elfu nne hatasoma maelezo ya pembeni, ataona rangi nyekundu na ataandika barua pepe.

Gawa mashamba mafungu matatu. Yasiyo na shaka, weka upande wake. Yenye shaka ya ramani, tafuta ushahidi: picha za zamani za Google Earth za kabla ya 2021, zile stakabadhi za hatua ya 2, picha ya mibuni mikongwe yenye shina nene kama mkono wa mtu mzima, na barua ya mtendaji wa kijiji. Fungua bahasha moja kwa kila shamba lenye shaka. Fungu la tatu ni yale ambayo kweli yamefyekwa baada ya 2020, na lazima ulikiri. Shamba la namna hiyo halitibiki kwa karatasi. Halikatazwi kuuza kahawa, linakatazwa kuingia kwenye loti ya Ulaya. Mwenye nalo aambiwe mapema, apokelewe kwenye foleni tofauti, na kahawa yake iuzwe masoko mengine. Ukimficha, atawazamisha wenzake mia tatu.

Angalia pia mipaka ya hifadhi. Kule Kilimanjaro, ukanda wa nusu maili uliokuwa ukitumiwa na vijiji ulijumuishwa kwenye hifadhi ya taifa mwaka 2005, na si kila mzee anakubaliana na ulipo mstari. Shamba likiangukia humo, suala si setilaiti tena, ni uhalali. Omba mipaka kwa TFS, wakala wa misitu wa serikali, au hifadhi husika, usikisie.

Hatua ya 5: Bahasha ya uhalali

Hii ni fupi kwa sababu kazi kubwa ilishafanywa na taratibu tulizonazo. Sheria inataka uthibitisho kwamba kahawa imezalishwa kwa kufuata sheria za nchi kuhusu ardhi, mazingira, kazi, haki za watu, kodi na forodha. Kwa AMCOS, weka pamoja cheti cha usajili kutoka Tume ya Maendeleo ya Ushirika, leseni za Bodi ya Kahawa, nyaraka za mauzo ya mnadani, risiti za ushuru, na upande wa ardhi, hatimiliki za kimila kwa walio nazo. Wengi hawana. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inautambua umiliki wa kimila hata bila hati, kwa hiyo orodha ya wakulima iliyothibitishwa na serikali ya kijiji, yenye muhuri na muhtasari wa kikao, ni ushahidi wa maana.

Kuhusu watoto: Tanzania hairuhusu kuajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na kazi nyepesi baada ya hapo isimharibie shule. Mtoto kumsaidia mama kuchuma Jumamosi si sawa na mtoto kibarua. Andika utaratibu wa chama kwenye ukurasa mmoja, ubandike ukutani, uufuate.

Cheti cha Fairtrade au Rainforest Alliance kinasaidia sana kwenye tathmini ya hatari. Hakichukui nafasi ya tamko.

Hatua ya 6: Zuia kahawa isiyo na kwao

Hapa ndipo sheria inapouma kwetu. Misitu yetu inakatwa, ni kweli, lakini mara nyingi si kwa ajili ya kahawa. Kinachotuangusha ni gunia lisilojulikana limetoka wapi.

Sheria hairuhusu kuchanganya kahawa inayojulikana na isiyojulikana halafu ukahesabu asilimia. Gunia moja la njiani likiingia kwenye loti, loti nzima imepoteza kwao. Kwa hiyo fuata kahawa yako kwa miguu, kuanzia mizani ya kijijini, ukiuliza kila kituo: hapa inaweza kuchanganyika na ya nani?

Mizanini: stakabadhi iwe na namba ya mkulima na ya shamba, si jina tu. Hapo pia weka ukomo. Mkulima mwenye mibuni 300 akileta kilo 1,200 za kahawa ya ngozi, yaani iliyomenywa na kukaushwa lakini haijakobolewa, ni kilo nne kwa kila mbuni, na mkulima hodari anajua hilo haliwezekani huku kwetu. Ama amenunua kwa majirani, ama ni wakala wa mtu. Kule Kagera kuna butura, mkulima anauza kahawa ikiwa bado na maua kwa mwenye pesa taslimu, na inapofika mizanini inakuja kwa jina la mnunuzi wa butura. Imepigwa marufuku miaka mingi na bado ipo, kwa sababu ada ya shule haisubiri msimu. Karibu na mpaka kuna magendo pia, kahawa ya Uganda na ya Tanzania zikipishana usiku kutegemea bei iko juu upande gani. Zamani hilo lilikuwa tatizo la ushuru. Sasa gunia lililovuka mto limebeba nchi nyingine ndani yake, na tamko lenye nchi isiyo sahihi ni tamko la uongo.

Kwenye CPU, kituo cha pamoja cha kumenya kahawa mbivu, na ghala: tenga vitanda vya kuanikia na rundo la magunia ya wasiopimwa. Ubao na chaki vinatosha.

Kiwanda cha kukobolea ndicho kituo kinachosahaulika. Loti ndogo huunganishwa, na masalia ya madaraja ya chini hukusanywa kutoka vyama vingi. Kuunganisha kunaruhusiwa mradi kila shamba la kila upande linajulikana na limo kwenye orodha. Kubaliana na kiwanda kwa maandishi kwamba loti yako haiunganishwi bila wewe kujua, na namba ya loti ibaki ileile kutoka geti la kuingilia hadi la kutokea.

Kisha piga hesabu ya uzito, maana mizani haina upendeleo. Kwa arabika, kilo tano hivi za kahawa mbivu hutoa kilo moja ya ngozi, na kilo 100 za ngozi hutoa takriban kilo 80 za kahawa safi, iliyokobolewa. Kwa robusta ya Kagera, kilo mbili za kahawa iliyokaushwa na maganda yake hutoa takriban kilo moja safi. Kama mashamba yaliyoorodheshwa yalileta ngozi tani 20 na loti inasoma tani 19 safi, kuna tani tatu zimeokotwa mahali. Mkaguzi ataigundua kwa kikokotoo cha simu.

Hatua ya 7: Kabidhi data bila kuitoa bure

Msafirishaji humpa mnunuzi faili la mashamba yaliyochangia loti hiyo, si ya chama kizima. Ambatisha aina ya bidhaa, uzito, nchi, kipindi cha uzalishaji na bahasha ya uhalali. Yeye atawasilisha tamko na kupata namba ya kumbukumbu; mwambie akutumie nakala yake, na utunze faili lako miaka 5, kama yeye anavyotakiwa kutunza lake.

Sasa neno kuhusu mali. Nimeona AMCOS tatu zikipimwa "bure" na kampuni, na msimu uliofuata walipotaka kuuza kwa mwingine wakaambiwa data ni ya kampuni. Mashamba ni yao, miguu ilikuwa yao, na bado walilazimika kupima upya. Kabla mtu hajaweka nukta ya kwanza, mkataba wa ukurasa mmoja useme kwamba data ni ya chama na wakulima wake, nakala kamili inabaki ofisini, na mnunuzi anapewa kibali cha kuitumia kwa loti alizonunua. Anayekataa kusaini hilo, mshukuru kwa kuja.

Nakala ziwe mbili: moja kwenye kompyuta ya chama, nyingine kwa chama kikuu. Flashi ya katibu si mahali pa kutunzia chochote.

Hatua ya 8: Jijaribu mwenyewe

Wiki sita kabla ya kontena la kwanza, nenda ghalani bila taarifa. Chagua gunia moja la kahawa safi, soma namba ya loti, kisha anza saa. Rudi nyuma kutoka loti hadi kiwandani, kiwandani hadi ghala la kijiji, ghala hadi stakabadhi za mizani, stakabadhi hadi mashamba. Chapisha orodha, fungua ramani, chagua shamba moja, panda pikipiki uende ukasimame ndani yake na simu mkononi. Mwenyeji akikukaribisha mbege, kunywa baadaye. Kwanza muulize alileta kilo ngapi na lini, ulinganishe na karatasi.

Jaribio la kwanza tulilofanya na chama kimoja lilichukua siku tisa, na likakwama kwenye daftari la ghala lililokuwa nyumbani kwa mtunza ghala aliyekwenda msibani. La pili siku mbili. Mwingizaji anayekaguliwa hana siku tisa za kukusubiri, kwa hiyo lengo liwe siku moja ya kazi. Zikizidi, andika ni kituo gani kilichochelewesha, rudi kwenye hatua yake, na ufanye tena Jumatatu ijayo kwa gunia jingine.